Valvu Iliyoachwa

Siku Daktari Christabel Nyabate alipomweleza Kiptum kwamba valvu moja ya moyo wake ingebadilishwa na ile nyingine ingeachwa vilevile, ikivuja, mgonjwa huyo aliinuka kitini, akachukua koti lake na kuanza kulivaa.

"Baba Chepkurui, unaenda wapi?" mkewe akamuuliza.

"Nyumbani." Alikuwa amekwama kwenye mkono wa pili wa koti, anahema kama mtu aliyepanda mlima, ilhali alikuwa amesimama tu. "Mimi ni mtu wa boila, Daktari. Nimekaa na boila ya kiwanda cha chai tangu nikiwa kijana. Valvu ikivuja unazima moto, unafungua, unatengeneza. Hakuna fundi anafungua mashine, anaona mbili zimeharibika, halafu anatengeneza moja anafunga. Huyo si fundi."

Nyabate alizoea wagonjwa walioitikia ndiyo kwa kila neno lake, kisha wakatoka nje kumuuliza muuguzi walichoambiwa. Huyu alikuwa amesikia kila kitu, na hasira yake ilitokana na kusikia. Mtu kama huyo, alijua, angemsumbua sana, na pia angemfaa sana.

"Keti kwanza, Mzee," akasema. "Ukishapumua, tugombane vizuri."

Chepchumba, mkewe, alimshika kiunoni akamkalisha.

Kiptum alikuwa mwenyeji wa Kiptere, anaukaribia umri wa miaka sitini, mabega mapana ya mtu aliyeshinda akitupa magogo ya mikaratusi motoni. Kwa karibu mwaka mzima pumzi ilikuwa ikimkimbia. Mwanzoni alilaumu moshi, baadaye akalaumu uzee. Kisha asubuhi moja alianguka mbele ya boila, gogo bado mkononi, na wenzake wakamburura kutoka kwenye mlango wa moto. Daktari wa Kericho alisikiliza kifua chake, akakunja uso, akamtuma kwenye hospitali ya misheni upande wa Bomet, alikokuwa Nyabate, daktari wa upasuaji wa moyo.

Picha ya moyo ilionyesha yote. Valvu ya aota, mlango wa kutolea damu kwenda mwilini, ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama chokaa, ikabakiza upenyo mdogo tu. Nyuma yake valvu ya mitrali, mlango unaoingiza damu iliyotoka mapafuni, haikuwa ikifunga sawasawa. Kila moyo ulipopiga, sehemu ya damu ilirudi ilikotoka. Ndiyo maana alilala ameegemea mito mitatu ili apate kupumua.

Nyabate aliweka viganja vyake pamoja, akavielekeza kwa mgonjwa.

"Tazama. Hizi ni ngozi mbili za mlango wako wa nyuma. Zinakutana hapa katikati. Zenyewe si mbovu. Lakini mlango wa mbele umeziba, kwa hiyo moyo unasukuma kwa nguvu ambayo haukuumbiwa. Umesukuma hadi chumba chenyewe kimetanuka. Chumba kikitanuka, kuta zinavuta ngozi hizi, huku na huku." Akavitenganisha viganja polepole, mwanga wa dirisha ukapita katikati. "Hapo ndipo panavuja. Nikifungua mlango wa mbele, mzigo unapungua. Chumba kinarudi. Ngozi zinakutana tena."

"Zinakutana. Kila mtu?"

"Si kila mtu. Wengi."

"Na nisipokuwa kwa hao wengi?"

"Nitarudi nikaitengeneze."

"Kwa kifua changu," Kiptum akasema. "Si chako."

Chepchumba alimgusa goti, lakini Nyabate hakuchukia. Alimweleza kwamba kutengeneza zote mbili kungefanya moyo usimamishwe kwa muda mrefu zaidi, karibu mara mbili, na moyo wake ulikuwa umechoka, na figo zake zilikuwa zimeanza kulalamika. Alimweleza kwamba kazi ya mitrali nayo ina hatari zake, na hataki kumbebesha hatari hizo kwa ajili ya mlango ambao huenda ungejifunga bila kuguswa.

"Lakini nikishafungua," akaendelea, "ninaweza kuiona kwa macho kupitia tundu la valvu ya mbele. Nikikuta ngozi zenyewe zimekakamaa, au kamba zinazozishikilia zimekatika, sitaiacha. Hilo nakuahidi."

Kiptum aliutazama mkono wake mwenyewe. Ulikuwa na makovu ya moto hadi kwenye kiwiko.

"Hiyo ingine unaweka ya chuma?"

"Imetengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe, ile inayofunika moyo wake. Ya chuma ingekulazimu kunywa dawa ya kupunguza kuganda kwa damu maisha yako yote."

"Ng'ombe gani? Wa kienyeji au wa gredi?"

Chepchumba alicheka kabla ya kuweza kujizuia, na kicheko hicho ndicho kilichomfanya Kiptum avue koti.

*

Daktari Oyoo hakushawishika kirahisi. Oyoo ndiye aliyelaza wagonjwa usingizi na kusoma picha za moyo wakati wa upasuaji. Alimzidi Nyabate umri na maneno yake yalikuwa machache. Siku moja kabla ya upasuaji walisimama pamoja mbele ya kompyuta, wakitazama mkondo wa rangi, yaani damu inayovuja, ukirudi nyuma ndani ya moyo wa Kiptum.

"Ningekuwa wewe, ningezimaliza zote," Oyoo akasema.

"Ngozi ni nzima."

"Sizungumzii ngozi. Nazungumzia mahali anapoishi. Huyu si mtu wa mjini, wa kuja hapa kila akikohoa. Anarudi Kiptere, kwenye ng'ombe na majani chai. Uvujaji ukizidi huko, nani atamwona? Sisi tutamwona akiletwa amebebwa."

Hoja hiyo ilimuuma Nyabate kwa sababu ilikuwa ya kweli. Yeye mwenyewe alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai karibu na Kericho, wazazi wake wakiwa wametoka Kisii kutafuta kazi ya kuchuma chai. Alijua jinsi mtu wa huko anavyoficha ugonjwa hadi usifichike tena.

"Nitamwona mimi," akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Akikosa kliniki, nitamfuata."

Oyoo alimtazama juu ya miwani. Kisha wakaafikiana kabla ya kisu kushikwa: baada ya valvu mpya kuwekwa na moyo kuanza kupiga, uvujaji ukiwa wa wastani, wataacha. Ukiwa mkali, moyo utasimamishwa tena, hata kama kila mtu amechoka.

*

Siku ya upasuaji Kiptum aliingia akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, kifua kimenyolewa, akiwasalimia wauguzi kwa Kikipsigis mmoja mmoja kana kwamba yeye ndiye mwenyeji na wao ni wageni wake. Kabla dawa haijamchukua alimtafuta Nyabate kwa macho.

"Utatazama?"

"Nitatazama."

Mashine ilipokwisha kuchukua kazi ya moyo na mapafu, Nyabate alimimina maji baridi yenye dawa, na moyo ukanyamaza. Alipasua mshipa mkuu. Valvu ya zamani haikukatika kama nyama. Ilivunjika vipande vipande chini ya mkasi, na kila kipande kilibidi kiokotwe, maana punje moja ikitoroka ingeweza kusafiri hadi kwenye ubongo. Aliokota bila haraka. Msaidizi wake alifyonza na kuosha, akafyonza tena.

Tundu lilipokuwa safi, alielekeza taa ndani na kuinama.

Ngozi ya mitrali ilikuwa pale chini, nyembamba, laini, kama utando unaotanda juu ya maziwa yaliyopoa. Aliigusa kwa ncha ya kifaa. Ilikubali na kurudi. Alifuata kamba moja baada ya nyingine hadi zilipoota kwenye misuli, akitafuta iliyokatika, na hakupata.

"Nzima," akasema kwa sauti, ili Oyoo asikie. "Kamba zote zimeshika."

Akashona valvu mpya. Akafunga mshipa. Hewa ikatolewa, damu yenye joto ikarudishwa, na moyo wa Kiptum ukatetemeka, ukasitasita, ukaanza kupiga. Mashine ilipunguzwa polepole hadi moyo ukawa unajibebea karibu kila kitu. Oyoo alikuwa ameinamia kioo chake, akisoma picha kutoka kwenye kifaa kilichoshushwa kooni mwa mgonjwa.

"Valvu mpya inafunguka vizuri sana," akasema. Kisha akasogeza kifaa kidogo, akatazama tena. "Mitrali bado inavuja."

"Kiasi gani?"

"Wastani. Kama jana."

Nyabate alihisi macho ya watu wote yakimgeukia, kisha yakijifanya hayakumgeukia. Ndani yake alikuwa amejiruhusu kutumaini kwamba mkondo ungepungua pale pale. Wakati mwingine hupungua. Leo haukupungua.

"Mashine bado iko," Oyoo akasema taratibu. "Mipira yake ya damu bado iko ndani. Ukitaka kurudi, wakati ni huu."

"Shinikizo lake ni la mtu aliyelala. Lipandishe. Mpe mzigo anaotembea nao nyumbani, halafu unisomee tena."

Oyoo aliongeza dawa. Namba zikapanda. Nyabate aliweka mkono juu ya moyo wenyewe, akauhisi ukikaza kazi chini ya glavu. Aliujua ushawishi wa kufanya jambo. Mikono iliyofunzwa kushona hupenda kushona, na ukimwacha mtu na kasoro unayoiona, kosa lolote litakalofuata litaitwa lako. Lakini kuusimamisha moyo huu mara ya pili, ukiwa ndio kwanza umeamka, ni kuuomba kitu ambacho huenda haukuwa nacho.

"Umeongezeka kidogo," Oyoo akasema. "Haujafika ukali. Damu hairudi hadi kwenye mishipa ya mapafu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi tumekubaliana nini, mimi na wewe?"

Oyoo alishusha pumzi. "Wastani tunaacha."

"Toeni mipira," Nyabate akasema. "Tunafunga."

*

Kiptum alipotolewa bomba la kupumulia, swali lake la kwanza lilitoka kwa sauti iliyokwaruza.

"Ngapi?"

"Moja," Nyabate akajibu. "Nilitazama. Ngozi ni nzima, kamba ni nzima. Lakini sitakuficha, Mzee. Bado inavuja kama ilivyokuwa."

Mgonjwa aligeuza uso, akatazama ukuta. Nyabate hakuondoka. Alikuwa na wagonjwa wengine wa kuwaona, lakini alivuta kiti akaketi, kwa sababu aliona huyu alistahili kukasirika mbele ya mtu, si mbele ya ukuta peke yake.

"Sasa?" hatimaye Kiptum akauliza.

"Sasa ni kazi. Dawa ya kutoa maji, dawa ya kushusha shinikizo, chumvi uisahau. Utembee kila siku, kwanza kidogo, halafu zaidi. Chumba hakirudi kwa siku moja."

"Na itajifunga yenyewe."

"Naamini itajifunga yenyewe," akasema.

Baadaye angekumbuka jinsi alivyoyasema maneno hayo haraka haraka, huku akisimama.

Kliniki ya kwanza Kiptum alifika akitembea, hahemi, akalalamika juu ya ugali usio na mboga yenye chumvi. Uvujaji ulikuwa vilevile. Kliniki ya pili, vilevile. Ya tatu hakufika, na simu yake ilikuwa imezimwa. Nyabate alimwuliza muuguzi mara mbili kama kweli jina hilo halikuitikiwa. Jumamosi iliyofuata alitia mashine ndogo ya picha kwenye mkoba, akawasha gari, akapita Sotik, akapita Litein, akazunguka kupitia Kericho na kushuka kuelekea Kiptere.

Aliwakuta wachumaji wakishuka kutoka kituo cha kupimia chai na vikapu vitupu, na mmoja wao akampeleka hadi langoni. Chepchumba alikuwa akikamua. Aliinuka, mikono imelowa maziwa, uso umejaa hofu.

"Daktari! Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Nimekuja kumwona Mzee. Hakuja kliniki."

"Alisema mmemwambia aje mwezi ujao."

Wanawake hao wawili walitazamana, kisha wakaingia ndani pamoja.

Kiptum alikuwa kwenye kochi, miguu imeinuliwa juu ya stuli. Haikuhitajika mashine kumwona. Vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba hadi ngozi ikang'aa, na alipojaribu kusimama kumsalimia mgeni, pumzi ilimkatikia njiani.

"Uliacha dawa lini?" Nyabate akauliza.

Kiptum alimtazama mkewe kwanza. "Wiki kadhaa."

"Wiki kadhaa!" Chepchumba alipiga kofi la mshangao. "Kila asubuhi nakuletea maji ya kumezea! Kila asubuhi!"

"Nilikuwa nakunywa maji."

"Na dawa?"

Chepchumba aliketi kwenye mkono wa kochi kama mtu aliyeishiwa nguvu, akasema maneno fulani ya Kikipsigis ambayo Nyabate, kwa kukulia Kericho, aliyaelewa vizuri, na ambayo hayakuwa ya sifa.

"Kwa nini, Mzee?" Nyabate akauliza.

"Nilitaka kujua kama imefunga." Alisema bila haya, kama anayetoa ripoti ya kazi. "Ulisema itajifunga yenyewe. Kitu kinajifunga chenyewe hakitaki dawa. Kwa boila, ukitaka kujua kama valvu imeshika, unaondoa mkono, unaangalia. Nikaondoa mkono."

Nyabate alifungua mdomo kumkaripia, akaufunga. Mtu huyu hakuwa amepuuza neno lake. Alikuwa amelishika kama lilivyotamkwa.

"Nilikueleza nusu," akasema. "Nisikilize sasa. Ule mfupa wa mguu ukivunjika, unajiunga wenyewe, sivyo?"

"Unajiunga."

"Na plasta ni ya nini?"

Kiptum alifikiri. "Ya kuushikilia mpaka ujiunge."

"Dawa ni plasta. Inapunguza mzigo ili chumba kipate nafasi ya kurudi. Wewe umevunja plasta mapema ili uone kama mfupa umeshika."

Alitoa mashine, akamlaza ubavu, akapaka mafuta baridi kifuani kando ya kovu. Picha ikatokea kwenye kioo kidogo kama cha simu. Alimgeuzia aone. Pale, valvu mpya ilifunguka na kufunga bila kusita. Na pale, mkondo wa rangi ulikuwa ukirudi nyuma, mpana kuliko wakati wowote. Lakini Nyabate alipopima chumba chenyewe alirudia kipimo hicho, kisha akarudia tena. Pamoja na maji yote hayo yaliyojaa mwilini, kilikuwa kimeanza kupungua. Si sana. Lakini kilikuwa kidogo kuliko siku ya upasuaji.

"Kilikuwa kinarudi," akasema. "Mzee, kilikuwa kinarudi, na wewe ukaondoa mkono."

Kiptum alikitazama kioo. Kisha alimwambia mkewe amletee viatu.

*

Alilazwa. Maji yalimtoka kwa dawa za mshipani, miguu ikarudi kuwa miguu. Lakini Oyoo alipomkuta Nyabate kwenye korido, alimwuliza swali ambalo hata Nyabate mwenyewe alikuwa akijiuliza.

"Tumfungue tena?"

"Bado."

"Bado kwa sababu yake, au kwa sababu yako?"

Oyoo hakuuliza kwa ubaya. Nyabate alisimama karibu na dirisha, ambako mashamba yalionekana yakipanda kilima. Je, alikuwa akimlinda mgonjwa na kisu, au akiilinda kauli yake mwenyewe? Alijiuliza kwa ukali kama ambavyo angemwuliza mwanafunzi. Jibu alilopata ni kwamba hakuweza kulijua peke yake.

"Hajapata matibabu kamili hata kidogo," akasema. "Mpe miezi sita ya dawa bila kukatika. Halafu picha utapiga wewe. Mimi sitakuwa chumbani. Ukisema inavuja vilevile, nitamfungua mimi mwenyewe wiki hiyo, wala sitabishana."

"Unayasema haya mbele yangu."

"Nayasema mbele yako, na nakwenda kuyasema mbele yake."

Akaenda akayasema. Kiptum aliyapokea akiwa ameketi kitandani, akamwuliza jina la kila kidonge na kazi yake, kipi kinatoa maji, kipi kinalegeza mishipa, kipi kinatuliza mapigo, akamrudishia majibu hadi alipohakikisha daktari hakubakiza nusu nyingine.

"Hii nimeelewa," akasema. "Kongoi, asante, Daktari. Sasa uniachie."

Kilichofuata hakikuwa na fahari yoyote. Chepchumba aliondoa chumvi jikoni akaihifadhi kwa jirani. Kiptum alimeza dawa mbele yake, akafungua mdomo kuonyesha, kwa hiari yake, ingawa jambo hilo lilimchoma. Kanisani aliketi karibu na mlango kwa sababu dawa ya maji haingojei mahubiri yaishe, na watu walipotabasamu, aliwatazama hadi wakaacha. Alitembea kwenye njia ya katikati ya michai, kwanza hadi langoni kwa jirani, baadaye hadi kituoni, baadaye akapanda mteremko mkali wa nyuma ya shule ambao vijana wenyewe huupanda kwa kulaani. Kila Jumapili alimpigia Nyabate simu kumtajia uzito wake, bila salamu ndefu, na akakata. Mara moja uzito ulipanda ghafla, dalili ya maji kurudi mwilini. Nyabate aliongeza kidonge kwa simu, na Jumapili iliyofuata ukawa umeshuka.

Msimu wa mvua ndefu uliisha, baridi ya Julai ikaja na kupita. Kiwandani walimtafutia kazi ya kusimamia vipimo vya boila, mbali na magogo. Alikataa kwanza, akakubali baada ya Chepchumba kumwambia kwamba fundi asiyejua kukaa ni hatari kwa mashine yake.

Siku ya picha ilipofika, Nyabate alitimiza neno lake. Alibaki nje. Alijaribu kusoma taarifa ya mgonjwa mwingine, akagundua amesoma mstari mmoja mara nyingi bila kuuelewa. Chepchumba alikuwa kwenye benchi kando yake. Mlango ulikaa umefungwa hadi Nyabate akaanza kupanga kichwani jinsi angefungua kifua chenye makovu, wapi moyo ungekuwa umeshikana na mfupa, nani angemsaidia.

Oyoo alitoka akifuta mikono.

"Chumba kimerudi karibu na ukubwa wa kawaida," akasema. "Nimepima mara tatu, kwa sababu nilijua utaniuliza. Uvujaji ni hafifu."

"Hafifu?"

"Hafifu. Hakuna cha kufunguliwa." Akavua miwani. "Ningezimaliza zote mbili siku ile, na ningekuwa nimemfanyia kazi ambayo hakuihitaji."

"Angeweza pia kuihitaji," Nyabate akasema. "Tulikuwa karibu."

Chepchumba alikuwa ameshafunika uso kwa leso, mabega yanatikisika.

Kiptum alitokea mlangoni akifunga vifungo vya shati. Hakuonekana kama mtu aliyeshinda. Alionekana kama mtu anayekagua kazi ya mwenzake.

"Ameniambia hafifu. Hafifu si sifuri."

"Si sifuri," Nyabate akakubali.

"Kwa hiyo bado inavuja."

"Kidogo, Mzee, kama watu wengi wanaotembea huko nje bila kujua. Dawa mbili tunaendelea nazo. Ya maji tunaipunguza. Mimi ndiye ninayeipunguza, si wewe."

"Wewe," akasema. Kisha akanyoosha mkono wake wenye makovu, akaushika wa daktari, akaushikilia. Alimgeukia mkewe. "Mama Chepkurui, twende. Tutembee mpaka steji. Sitaki pikipiki."

Nyabate aliwatazama hadi walipopotea kwenye kona ya lango, mzee akiwa mbele, mkewe akilalamika nyuma kwamba anakwenda mbio. Alikuwa na furaha, lakini hakupata muda wa kukaa nayo. Chumbani mwake alikuwa akingojewa na mwanamke kijana aitwaye Nyambeki, mfanyabiashara wa mboga katika soko la Ndanai, aliyeugua utotoni homa ya viungo, ile inayoharibu valvu za moyo. Naye valvu ya aota ilikuwa imeharibika. Naye mitrali ilikuwa ikivuja.

Oyoo alikuwa ameshaiweka picha kwenye kioo. "Hii nayo tuiache?" akauliza, na safari hii hakukuwa na ubishi katika sauti yake, bali swali.

Nyabate aliinama karibu. Ngozi za valvu hii zilikuwa nene, kingo zimejikunja, kamba zimefupika na kugandana. Hata chumba kingerudi udogo wa namna gani, ngozi hizi zisingekutana kamwe.

"Hapana," akasema. "Hapa mlango wenyewe ndio mgonjwa. Huyu tunashughulikia zote mbili siku hiyohiyo."

"Zote mbili?" Nyambeki akauliza kutoka kitini. "Daktari, si hiyo ni hatari zaidi?"

"Ni hatari zaidi," Nyabate akasema. Akavuta kiti hadi magoti yao yakakaribiana. "Nitakueleza kwa nini bado nataka kuifanya, na sitakueleza nusu. Mahali popote usipoelewa, unisimamishe."

Nyambeki aliweka mkoba wake chini, akasikiliza.